Mbili, Tatu, Mbili

"Mbili," anasema Sista Atupele, "tatu, mbili."
Kijiti chake cha chuma kinapita kati ya jino na fizi
kama mchungaji anayepima tope kwa fimbo
kabla ya kuvusha ng'ombe.
Binti wa mafunzo anaandika.
Nje, mvua ya Mbeya imeanza tena,
mlima Loleza umejifunika, hautaki kuona.

Mbili, tatu, mbili.
Nne.
Hapo kwenye nne kalamu inasita,
nami naonja chumvi, na kutu, na aibu kidogo.
"Hili la mbele, chini," anasema, "fizi imeshuka.
Lakini si jambo la jana."

Si la jana, kweli.
Miaka thelathini na mmoja taya langu la chini lilitangulia:
liliingia mlangoni kabla yangu,
likapigwa picha ya shule kabla ya macho.
Meno ya juu yalikaa nyuma kama wageni waliokosa viti.
Hindi la kuchoma nililipukuchua kwa vidole,
punje mojamoja,
nikisema ndivyo ninavyopenda.
Na kila asubuhi mswaki mwekundu, mate mekundu,
maji ya ndoo nikiyamwaga haraka mama asije akaona.

Kisha wakanipasua.
Kwa ndani, kupitia fizi, kovu lisionwe na mtu.
Wakalirudisha taya nyuma milimita saba:
unene wa penseli
ninazowachongea watoto wa darasa la kwanza.
Penseli moja!
Nami nilidhani nimebeba mlima.

Wiki sita uji wa ulezi kwa mrija,
supu iliyochujwa mara mbili,
parachichi lililopondwa hadi likasahau kuwa tunda.
Fizi zikavimba, zikawa zambarau
kama maua ya viazi kule Uyole.
Nikasukutua maji ya chumvi nikihesabu hadi sitini.
Mdomo wa chini ukalala,
na nusu yake imelala mpaka leo:
uji ukichuruzika kidevuni
najua tu macho ya mwenzangu yanaposhuka.

Kioo kinanisifu, sikatai.
Sokoni Kiwira, mama wa ndizi niliyemzoea
aliniita mgeni
akaniuzia kwa bei ya mgeni.
Shangazi Subilaga ndiye hakusifu.
Alinishika kidevu kwa vidole viwili, akakiminya taratibu,
akasema, "Hapa ndipo alipokuwa anakaa Anyitike."

Anyitike ni baba.
Tulimzika mwaka ule baridi ilipounguza viazi.
Alituachia ng'ombe wawili, deni la mbolea, na taya.
Ng'ombe tuliwauza.
Deni nimelimaliza.

"Mbili, tatu, mbili. Zimetulia," anasema Sista.
"Fizi zako zimepata amani.
Ila hili moja, iliposhuka haitapanda tena.
Lipige mswaki polepole. Usiligombeze."

Ningemsimulia habari ya Jumatatu,
ila kinywa kilichoachamishwa hakisimulii.

Jumatatu nilirudi darasani.
Niliandika ubaoni: fa, fe, fi, fo, fu.
Nikaitamka kwa namna yangu mpya,
meno ya juu juu ya mdomo uliolala;
pumzi ilitoka, niliisikia kwa masikio tu.
Na watoto hamsini na wawili wakaitikia,
kila mmoja akisukuma taya la chini mbele,
mdomo wa juu ukiyagusa meno ya chini,
kwa bidii, macho yametutumka,
kama nilivyowafundisha Januari.

"Fa," wakasema. "Fe."

Ilinipasa kuwasahihisha.
Niligeukia ubao, nikafuta mahali ambapo hapakuwa na kosa,
vumbi la chaki likanipa sababu ya macho.

"Rudieni," nikasema.